Simbilisi na Vidonge vya Mama

Tulipoingia maabara, simbilisi, yule mnyama mdogo mwenye manyoya anayefugwa kama sungura, alikuwa ameshauawa. Mwenzetu wa Njombe akacheka: "Kwetu hiki ni kitoweo, ninyi mnakifanyia praktiko!"

Mwalimu wetu wa famakolojia, yaani elimu ya dawa, hakucheka. Alikata koo la hewa vipete vipete, akaviunga kwa uzi, akavitundika ndani ya chombo cha kioo chenye maji ya Krebs, yaani maji yenye chumvi na glukosi, yakiwa na joto la nyuzi 37. Kwa chini zilipanda povu za hewa: oksijeni asilimia 95, kabonidaioksaidi asilimia 5. Humo kipande kinaendelea kuishi kwa saa kadhaa, mwenyewe akiwa maiti. Hadi leo jambo hilo hunishangaza.

Likadondoshwa tone la histamini, kemikali ambayo mwili huitoa mtu anapopata mzio. Vipete vikajikaza, kalamu ya mashine ikapanda juu ya karatasi. Tukaosha, tukasubiri itulie, kisha mwalimu akatangulia kutia klofeniramini, hiyo ambayo mtaani ni Piriton, ndipo akarudia histamini. Kalamu haikupanda.

Nikanyoosha mkono. Nyumbani Mpwapwa, upepo wa Agosti ukianza kurusha vumbi na kifua cha mdogo wangu kikianza kupiga filimbi, mama humpa kidonge hichohicho. "Mwalimu, kwa hiyo mama yuko sahihi?"

"Kwa simbilisi, sahihi kabisa," akasema, akamwashiria fundi wa maabara aweke asetilikolini, kemikali nyingine ya mwili inayokaza msuli. Kalamu ikapaa kana kwamba klofeniramini haimo. Halafu salbutamo, dawa ya pumu ya kuvuta: ikashuka taratibu hadi karibu na ilipoanzia.

Hapo ndipo alipoeleza. Klofeniramini huziba kitasa kimoja tu, cha histamini. Salbutamo haiulizi nani kaukaza msuli. Hugusa vipokezi vya beta-2 na kuulegeza. Simbilisi huchaguliwa kwa sababu njia zake za hewa hushtuka upesi mno kwa histamini. Panya hata hashtuki sana. Kwa binadamu mwenye pumu kuna lukotrini, kemikali nyingine za mwili, zenye nguvu ya kubana mirija karibu mara 1,000 kuliko histamini, na Piriton haizigusi. Tena vipete vile havikuwa na uvimbe wala makamasi ya mgonjwa wa miaka. Huo hutibiwa na inhela ya steroidi, ambayo haileti nafuu papo hapo, ndiyo maana watu huiacha.

Alitutajia pia Roger Altounyan, daktari wa Uingereza mwenye pumu, aliyejivutisha mchanganyiko wa manyoya ya simbilisi ili kifua kimbane, kisha akajijaribia dawa mwenyewe. Hivyo ndivyo kromoglikati, dawa ya kuzuia pumu, ilivyopatikana mwaka 1965. Darasa zima likamwangalia mtu wa Njombe.

Jioni nilimpigia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, lukotrini na vyote.

"Sasa hiyo ya kuvuta shilingi ngapi, mwanangu?"

"Ziko mbili, mama. Mpeleke kwanza zahanati wampime."

"Mbili!" akasema. "Ulianza na moja."