Homa isiyokuja: nilivyoishi na sindano ya majaribio

Figo niliyopandikizwa ni ya mdogo wangu wa kiume. Ilipotimiza miaka 8 mwilini mwangu, kreatinini (taka ya damu ambayo ikipanda huonyesha figo inachoka) ikaanza kupanda kidogo kidogo, protini ikaonekana kwenye mkojo, na biopsi, yaani kupima kipande kidogo cha figo, ikatoa jibu: mwili wangu ulikuwa unatengeneza kingamwili za kuishambulia. Daktari wangu hapa Texas hakunificha kwamba ukataaji huu wa polepole hauna dawa iliyoidhinishwa. Alichokuwa nacho ni nafasi kwenye majaribio ya clazakizumab.

Nilimpigia mama, Tanga. Nikamweleza kwamba dawa yenyewe nayo ni kingamwili, imetengenezwa ili ikamate IL-6, protini inayochochea seli kutoa kingamwili zaidi. Akanikatiza: "Basi dawa ya moto ni moto." Fomu ya ridhaa ilitumia kurasa nyingi kusema hivyo hivyo.

Kwanza nilipimwa kifua kikuu. Hapo niliogopa kweli, maana nimekulia nyumba moja na babu aliyekiugua, na vimelea vilivyolala vingeweza kuamshwa. Majibu yakatoka safi.

Sindano ilikuwa moja kila wiki 4, chini ya ngozi. Wengine walichomwa dawa, wengine maji matupu, na hata daktari hakujua nani kapata nini. Takrolimasi, dawa yangu ya kuzuia mwili usiikatae figo, niliendelea kumeza asubuhi na jioni.

Kazi ilikuwa kwenye homa. IL-6 ndiyo inayosaidia kuipandisha. Ikizuiwa, unaweza kuwa na maambukizi makali na kipimajoto kisiseme kitu. Tena utumbo unaweza kutoboka. Kwa hiyo nikanunua daftari la shule, kila jioni nikaandika uzito, mkojo, hamu ya kula, na tumbo linauma wapi. Usiku mmoja likauma chini kushoto, homa hakuna. Zamani ningekunywa chai ya tangawizi nikalala. Nikapiga simu ya dharura, na kabla ya alfajiri nikawa nimeshapigwa picha ya CT. Kumbe choo kigumu tu! Niliona haya, lakini muuguzi akasema nipige tena hata kesho.

Mwaka 2024 majaribio yalisimamishwa mapema, baada ya tathmini ya katikati kuonyesha hayataweza kufikia lengo. Nilikuwa nimechomwa kwa miezi 18. Kreatinini niliingia nayo 1.8, nikatoka na 2.1.

Daftari bado naandika. Mdogo wangu akipiga simu haniulizi hali, huanza na "Figo yangu hajambo?"