Minazi Sita ya Ami

Mwaka 2014 tuliafikiana kuuza nyumba ya marehemu baba huko Mtambwe, Pemba. Mnunuzi hakutaka kusikia bei kabla ya kuona karatasi. Mama akatoa mkoba wa ukili, na ndani yake ukurasa mmoja wa daftari, wa mwaka 1978: baba kanunua "pahala pa kujenga na minazi minane", mashahidi wawili, dole gumba la muuzaji. Mpaka wa mashariki njia ya kisimani, wa kusini mfenesi.

Mfenesi ulishakatwa zamani. Na minazi tukihesabu ni kumi na nne.

Zanzibar mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Ardhi ni ya umma, iko mikononi mwa Serikali. Mtu ana haki ya kuitumia, na hiyo ndiyo anayoiuza, pamoja na nyumba na miti yake. Ile sita ya ziada aliipanda ami, ndugu wa baba, kwa ruhusa ya baba, na nazi akiangua yeye miaka yote. Tungeuza kimya kimya, mnunuzi angekuja kugombana na mtu anayekwea minazi "yake".

"Nilipeni miti yangu, ardhi siidai," alisema ami. Tukaihesabu mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mmoja mmoja, tukaandikiana.

Lakini karatasi ilimtaja baba, na baba hayupo. Mpaka mirathi ipite kwa kadhi, sisi hatukuwa na la kuuza. Wazee wa baba walishatangulia, hivyo hesabu ilikuwa nyepesi: mafungu manane, mama thumuni yake, yaani fungu moja, sisi wanaume wawili mafungu mawili mawili, dada watatu moja moja. Mmoja wao yuko Unguja, na kaka akataka tumsainie, eti ni yetu sote. Nilikataa katakata. Mrithi aliyerukwa hana haraka. Hungoja mnunuzi amalize kujenga, ndipo aende Mahkama ya Ardhi. Tukamngoja dada mpaka akashuka melini.

Kilichotutesa hasa ni mpaka. Karatasi za zamani hazina vipimo, zina miti na majirani, na vyote viwili hufa. Mzee jirani akashika jembe, akachimba nyuma ya banda la jiko, akatoa kisiki kilichooza, cha manjano bado kwa ndani. Mfenesi huo. Mpima alipovuta utepe kutoka pale, nusu ya jiko letu ikaangukia upande wa jirani. Bei ikashuka.

Mnunuzi alitaka kutoa pesa zote siku hiyohiyo, kwa kuwa sheha yupo. Sheha ni shahidi tu. Uhamisho unapitishwa na Bodi ya Uhamisho wa Ardhi, iliyowekwa kwa sheria ya 1994. Tukachukua arubuni, zilizobaki zikangoja idhini.

Mama siku hiyo alikuwa jikoni, akiyang'oa mafiga yake.