Daftari la kugeuza

Mgonjwa wangu wa kwanza wa uti wa mgongo aliletwa mshikaki. Dereva mbele, yeye katikati, shemeji yake nyuma amemkumbatia asidondoke. Walitoka naye Kibosho juu kabisa, kwenye bodaboda, baada ya tawi la mparachichi kukatika naye. Miguu ilikuwa inaning'inia kama ya mtu mwingine. Siku hizi nikipata nafasi kanisani au msibani nasema: aliyeanguka mtini msimkalishe. Shingo na mgongo vinyooke, abebwe juu ya ubao, hata mlango ung'olewe. Lakini wale siwalaumu, gari wangelitoa wapi?

Mimi nilikuwa mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kichwa kimejaa vitabu. Picha ilionyesha pingili ya kwanza ya kiuno imesagika. Nikaandika kwenye faili "ageuzwe kila saa mbili", nikaondoka, kana kwamba kalamu inageuza mtu.

Siku ya kumi na mbili sista mmoja wa siku nyingi akaniita. "Daktari, njoo unuse." Hakusema nione. Akamlaza ubavu. Juu kidogo ya kifandugu palikuwa na doa jeusi lisilozidi sarafu ya mia mbili, na alipolisafisha, chini yake kulikuwa na shimo. Mwenyewe anatutazama tu, hasikii kitu. Usiku ule wauguzi walikuwa wawili, vitanda arobaini.

Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alifungua wodi ya majeruhi wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Kabla ya hapo wengi walikufa mapema, na kilichowaua mara nyingi ni vidonda vya kulalia na uchafu kwenye mkojo, sio mgongo wenyewe. Yeye akashikilia wageuzwe usiku na mchana. Watu wanamkumbuka kwa michezo aliyoianzisha 1948, ndiyo iliyozaa Paralimpiki. Mimi namkumbuka kwa kugeuza.

Mke wa mgonjwa, Mama Neema, alikuwa ananiuliza kila asubuhi: "Atatembea lini?" Nami najibu "tusubiri tuone", jibu la mwoga. Baada ya kile kidonda nilivuta kiti nikakaa. Nikamwambia miguu sidhani kama itarudi, ila ngozi na figo tunaweza kuvipigania, na mikono itakayopigana zaidi ni yake. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Sasa ng'ombe nimwachie nani?"

Alimwachia mama mkwe. Akachukua daftari la hesabu la Neema, akachora mistari: saa sita usiku kulia, saa nane chali, saa kumi kushoto. Simu inalia, anaamka, anageuza, anaweka alama. Sista akamfundisha mumewe kujitoa mkojo kwa mpira mwenyewe, mikono imeoshwa kwa sabuni, mara kadhaa kwa siku. Kidonda kilichukua miezi minne kufunga. Nimefanya upasuaji mwingi tangu hapo. Hakuna ninaoujivunia kama lile daftari, na sikuliandika mimi.

Mwaka uliofuata nilipanda kuwatembelea. Kiti cha magurudumu cha msaada kilikuwa kipana kuliko mlango, wakapanua mlango. Baba Neema alikuwa ananisimulia bei ya maziwa, mara akanyamaza, akakandamiza viganja kwenye mikono ya kiti, akajiinua makalio yakaachana na mto, akahesabu kimoyomoyo, akashuka, akaendelea na maziwa. Hakuna aliyemkumbusha.

Nyuma ya nyumba majani yakatikisika. Miparachichi ya kupandikiza ni mifupi, mtu anachuma amesimama chini, lakini huu ulikuwa ule ule wa zamani, na mtoto wa jirani alikuwa juu yake.

"Siyo hilo," Baba Neema akampigia kelele kutoka kitini. "Shika la kushoto!"