Nilivyopata fleshi za studio ya chumbani kwa 450,000

Chumba changu cha uani hapa Tabata kina futi 10 kwa 12, dirisha moja, na kuta ambazo mwenye nyumba alizipaka kijani. Humo ndimo nilimoanza kupiga picha za nguo anazoshona dada yangu, kisha za watoto wa majirani. Mwanzoni nilitegemea dirisha. Saa nne asubuhi picha zinatoka safi, lakini jua likihama kazi imekwisha. Nikajaribu balbu kubwa za kuwaka muda wote. Chumba kikawa tanuri, watoto wakatoka jasho, na bado ilinibidi nipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, chembechembe zikajaa usoni. Umeme ukikatika ndiyo basi tena.

Nilipoamua kununua fleshi nilikuwa na shilingi 450,000 nilizodunduliza, na kidogo zipotee. Kariakoo muuzaji mmoja alinionyesha fleshi kuukuu, nzito, ya bei ya kutupa. "Dada, hii ni chuma, haifi." Kwa bahati alikubali niende nayo kwanza kwa fundi redio wa mtaani kwetu. Tukaiwasha, tukangoja ijae chaji, fundi akagusisha waya mmoja wa mita ya kupimia volti kwenye pini ya katikati chini ya mguu wa fleshi, mwingine kwenye chuma cha pembeni. Mita ikasoma volti 190! Fleshi za siku hizi husoma volti chache tu. Volti hizo huingia kwenye kamera fleshi ikiunganishwa nayo, na kuna kamera za kidijitali zinazostahimili hata volti 250, na kuna zinazoweza kuungua zikipita 6. Sikutaka kujua kamera yangu iko kundi gani kwa njia hiyo. Niliirudisha siku ileile, na mpaka leo sinunui fleshi ya zamani bila kuipima.

Baada ya hapo nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: fleshi nitaiweka wapi? Ikikaa juu ya kamera, mwanga unampiga mtu usoni moja kwa moja. Uso unakuwa bapa, paji linang'aa, na kivuli kinajichora ukutani nyuma ya kichwa. Nilitaka mwanga utoke pembeni, juu kidogo ya macho, upite kwenye kitu kikubwa cheupe. Kwa hiyo pesa haikuwa ya fleshi peke yake. Ilikuwa pia ya stendi, mwavuli mweupe, kishikio cha kuviunganisha, triga ya kuiamrisha fleshi kutoka kwenye kamera, na betri.

Hapo ndipo nilipoachana na fleshi za TTL, zile zinazojipimia mwanga zenyewe. Ni nzuri harusini, mtu anapotembea huku na huku. Kwangu mteja anakaa kwenye stuli ileile na stendi haihami, nikishapanga nguvu ya fleshi mara moja imetosha. Nilichukua Godox TT600, ambayo nguvu yake unaipanga kwa mkono kuanzia 1/1, yaani nguvu kamili, hadi 1/128, na ndani yake tayari kuna redio ya kupokea amri ya triga ya Godox. Fleshi yenyewe ilikula chini ya nusu ya bajeti. Chenji iliyobaki, miezi miwili baadaye, ikaongezewa kidogo nikapata Yongnuo YN560 III iliyotumika. Redio za kampuni hizi mbili hazielewani, lakini Yongnuo ukiiweka kwenye hali ya S1 inamulika yenyewe inapoona mwanga wa mwenzake, na ndani ya chumba kidogo haikosei. Kwenye jua kali nje nisingeitegemea.

Kamera yangu ni Canon 600D, na kasi ya shata yake, yaani pazia la ndani linalofunguka kupokea mwanga, ikitumika na fleshi haipaswi kuvuka 1/200 ya sekunde, la sivyo utepe mweusi unakata picha. Ninaanzia ISO 100, shata 1/160, na tundu la lenzi f/8, ninafunga pazia la dirisha na kupiga picha moja fleshi ikiwa imezimwa. Lazima itoke nyeusi tii. Ikitoka hivyo najua kila mwanga nitakaouona baadaye ni wa fleshi yangu.

Ule ukuta wa kijani ulinisumbua kuliko vifaa vyote. Mwanga ulikuwa unagonga ukutani na kurudi shavuni kwa mteja ukiwa na ukijani, na ngozi zetu nyeusi zikawa kama za mgonjwa. Niliomba ruhusa nikapaka nyeupe. Tangu hapo mwavuli nauweka karibu na uso, chini ya mita moja, mteja nikamsogeza mbali na ukuta. Umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unabaki robo, kwa hiyo ukuta unafifia wenyewe na uso unabaki uking'aa. Kwa ngozi nyeusi sijaona kinachoshinda mwanga mpana wa karibu: unateleza shavuni taratibu, na rangi halisi ya mtu inaonekana.

Betri nilizikosea. Nilianza na zile za kutupa. Baada ya picha chache za nguvu kamili nikawa nangoja fleshi ijae huku mtoto ameshanuna. Sasa nina seti mbili za betri nne za AA za kuchaji, na ninapiga kwa 1/4 badala ya 1/1. Fleshi inajaa haraka na haipati moto. Wiki iliyopita umeme ulikatika tukiwa katikati ya nguo za sikukuu za dada. Tuliwasha tochi ya simu ili nipate kufokasi, tukamaliza magauni yote kumi na moja.