Nilihesabu mpaka sita

Niliweka barafu mdomoni karibu usiku kucha, kwa sababu ndivyo kilivyosema kikaratasi nilichopewa. Kosa hilo linaniuma kuliko zile pauni 120 nilizolipa.

Ilikuwa Ijumaa jioni, London. Mama mmoja huchoma fila, ile jeli ya kunenepesha midomo, sebuleni kwake. Kasoma kozi fupi, cheti kiko ukutani. Wala hakuvunja sheria. England haikumlazimisha kuwa daktari wala muuguzi. Kinachokatazwa, tangu Oktoba 2021, ni kumchoma mtu aliye chini ya miaka 18. Nilijazwa mililita moja, mdomo wa juu ukipata sehemu kubwa, na sikusikia maumivu yoyote. Nitasikiaje? Nilipakwa krimu ya ganzi, na jeli yenyewe ilikuwa imechanganywa na dawa ya ganzi. Ilipofika saa nne usiku ganzi ikaisha, upande wa kushoto ukaanza kupwita kama jino bovu.

Nikampigia. Akasema damu imevilia tu, niendelee na barafu. Nikasimama mbele ya kioo nikitafuta weupe, maana kila nilichosoma kilisema ngozi iliyokosa damu hugeuka nyeupe. Mimi ni mweusi wa Tanga. Weupe huo ungeonekana wapi?

Asubuhi nikampigia dada yangu, binti wa mama mkubwa, muuguzi anayeishi Reading. Tukawasha kamera. Cha kwanza aliuliza kama naona vizuri na kama jicho linauma, kwani jeli ikifika kwenye mishipa ya jicho hakuna kutafuta kliniki tena, ni kupiga 999, namba ya dharura, dakika hiyo hiyo. Macho yalikuwa salama. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hebu geuza mdomo nje nione ndani."

Ndani ya mdomo, weusi na weupe wengi ni waridi. Kulia kwangu palikuwa pekundu kama kawaida. Kushoto palikuwa pamepauka, na mabaka ya zambarau yamesukana kama wavu. Akaniambia nibonyeze kwa kidole, niachie, nihesabu sekunde. Kulia damu ilirudi kabla sijamaliza kusema moja. Kushoto nilihesabu mpaka sita.

"Hiyo si damu kuvilia. Tupa hiyo barafu, weka kitambaa cha uvuguvugu."

Jeli ilikuwa imeingia ndani ya mshipa unaolisha mdomo wa juu, au imeubana kwa nje, na mimi usiku mzima nikausaidia kubanwa kwa baridi. Bahati yangu moja ni kwamba nilipiga picha boksi. Ilikuwa jeli ya asidi ya hayaluroniki, ambayo ina kiyeyushi chake, hayaluronidazi. Ingekuwa silikoni, hakuna cha kuiyeyusha.

Mama wa sebuleni hakuwa na kiyeyushi. Huko ni dawa ya cheti cha daktari. Nikaenda idara ya dharura, nikakaa saa tatu, daktari kijana mpole sana akakiri hajawahi kuitumia kwa kazi hiyo. Muda wote huo dada alikuwa anapiga simu kliniki moja baada ya nyingine. Alasiri akampata daktari anayefanya kazi Jumamosi.

Huyu kwanza aliniuliza kama nikiumwa na nyuki navimba vibaya, kwa kuwa sumu ya nyuki ina kitu kinachofanana na dawa ile. Akanipa aspirini ya miligramu 300. Halafu akachoma yuniti 500, akakanda, tukangoja saa nzima, akabonyeza na kuhesabu. Bado. Akachoma 500 nyingine. Chupa ya 1,500 ilikwisha jioni, na hesabu ikashuka mpaka mbili. Iliuma kuliko fila yenyewe, na mdomo ukarudi mwembamba kama nilivyozaliwa nao.

Siku chache baadaye kikatoka kidonda ndani, nikaishi kwa uji uliopoa. Juu ya mdomo imebaki alama ndogo kama punje ya mchele. Nikipaka wanja na lipstiki, hainishughulishi.

Mwaka huu mdogo wetu wa Dar akasema anataka kujazwa pua. Nikashtuka, maana mishipa ya pua inaungana na ya jicho, na humo hakuna nafasi ya kungoja mpaka asubuhi. Sikumkataza, nani angenisikiliza na alama yangu hii? Nikamwambia tu kwamba kabla hajakaa kwenye kiti aombe kuonyeshwa chupa ya hayaluronidazi, ashike kwa mkono, asome tarehe ya kuisha. Siyo kuulizia, kuonyeshwa.

Wakamjibu, "Hiyo huwa tunaagiza ikihitajika, dada." Akavaa viatu vyake.