Nilivyoigundua mita iliyokuwa ikinipotosha

Mzee mmoja wa Sahare, mvuvi wa dagaa, alifika kwenye kibanda changu cha ufundi pale Ngamiani, Tanga, na betri ya volti 12 nyuma ya baiskeli, na kontrola ya sola, kile kidude kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli, ndani ya kikapu cha ukili. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi. "Mwanangu," akasema, "hii ni ya tatu. Mbili umeniuzia wewe mwenyewe. Hebu niambie, betri yangu ina nini?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angenigombeza.

Mwezi ulikuwa umeingia giza, na nyakati za giza ndipo dagaa wanapofuata taa. Zamani walibeba karabai, siku hizi ni taa za LED na betri inayochajiwa mchana kwa paneli. Kila siku niliyomkalia na betri yake ilikuwa usiku mmoja wa bahari uliopotea kwake na kwa vijana anaotoka nao.

Nikaunganisha kila kitu pale nje juani na kupima kwa mita yangu ya umeme. Ikasoma volti 15.3. Kontrola ya kwanza nilimwambia ni mbovu kwa sababu ilisoma hivyo hivyo, na ya pili vile vile. Kontrola nyingi za betri za maji husimamisha chaji kwenye volti 14.4 hivi. Ikizidi hapo kwa muda mrefu, maji ndani ya betri yanatoka mapovu, yanapungua, na sahani zinaliwa. Kwa hiyo kwa 15.3 nilikuwa na haki ya kuogopa, ila kontrola tatu, mbili kati yake mpya, zote zikosee kwa kiasi kile kile? Swali hilo nilipaswa kujiuliza mapema, na linaniuma kwamba sikujiuliza mpaka mzee aliponiuliza yeye.

Nilimwomba aniachie betri mpaka kesho. Nikailaza kibandani bila kuiunganisha na kitu chochote. Asubuhi, kabla hata sijafagia, nikaipima: 13.5. Hapo nikaweka mita chini. Betri kama hii, ya sahani za risasi, ikijaa na kupumzika usiku kucha hukaa kwenye 12.6 mpaka 12.8. Haiwezi kukaa 13.5 peke yake, haina pa kuzitoa hizo volti. Nikaenda kwa jirani yangu, fundi simu, nikaazima mita yake. Ikasoma 12.7.

Nikachukua karatasi. 13.5 kwa 12.7 ni nyongeza ya asilimia 6 na kidogo. Ukiipunguza 15.3 kwa kiasi hicho hicho unapata 14.4 kamili. Kontrola zote tatu zilikuwa nzima tangu mwanzo.

Mita yangu ilikuwa ile ya njano ya bei nafuu, aina ya DT830, ambayo karibu kila fundi wa redio hapa mjini ameanza nayo. Moyo wake ni saketi ndogo (chipu) ya ukoo wa 7106, ambayo haipimi volti kama tunavyodhani. Inalinganisha. Inachukua unachopima na kukigawa kwa volti ndogo ya rejea inayotengenezwa humo humo ndani, na jibu ndilo linaloandikwa kwenye kioo. Rejea hiyo inategemea betri ya volti 9 ya mita yenyewe. Betri ikishuka chini ya volti 7 hivi, rejea nayo huanza kulegea, na kigawanyo kikiwa kidogo jibu linakuwa kubwa. Ndiyo maana mita inayokufa njaa haisomi chini, inasoma juu, na kwa uhakika mkubwa, bila namba kuyumba. Ya kwangu betri yake ilikuwa na 6.4. Alama ya betri haikuwahi kutokea kwenye kioo.

Nikaweka betri mpya. Ile betri ya mzee ikasoma 12.74, na nilidhani nimemaliza.

Nilipoanza kuikagua vizuri ndipo nikaona mengine. Niliiweka kwenye ohm 200, kipimo cha ukinzani wa umeme, na kugusanisha ncha za waya zake. Hapo unatarajia nusu ohm, au chini yake. Nilipata 4.6, nikazitikisa ikawa 0.7, nikazikunja karibu na plagi ikawa 38, kisha ikaandika ile "1" ya pembeni, maana yake hakuna njia kabisa. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya plastiki, mahali waya unapoingia kwenye plagi, ambapo kwa macho huoni chochote. Nikakumbuka spika na rezista ngapi nilizitupa kwa kipimo cha waya huo.

Nikaifungua. Fyuzi ya upande wa miliampea, yaani wa kupimia mikondo midogo, haikuwepo. Mtu aliyekuwa nayo kabla yangu alizungushia uzi wa shaba mahali pake, na mimi niliinunua imeshatumika bila kufungua. Lile tundu la ampea 10 kwenye mita za aina hii mara nyingi halina fyuzi tangu kiwandani, hilo nilikuwa nalijua. Lakini hili la uzi wa shaba sikulijua, na kijana ninayemfundisha alikuwa akiitumia mita hiyo kwenye soketi ya volti 230 karibu kila siku. Angesahau swichi kwenye ampea mara moja tu, waya zingempasukia mkononi. Siku ile sikufanya kazi nyingine.

Swichi ya kuzungusha nayo ilikuwa na kutu ya kijani kwenye njia zake za shaba. Sisi tulio karibu na bahari tunalijua jambo hili kwenye mabati na baiskeli, lakini hewa ya chumvi inaingia hata ndani ya mita, na wakati wa masika unyevu unaikalia bodi kama umande. Chumvi yenye unyevu inapitisha umeme, kwa hiyo vipimo vya ohm kubwa ndivyo vinavyoharibika kwanza. Nikaazima spiriti ya kusafishia bodi za simu, nikasugua kwa mswaki laini, nikaianika juani. Rezista ya megaohm 1 ikasoma 1.00. Wiki tatu baadaye, mvua zilipokolea, rezista ile ile ikasoma 0.93.

Hata hivyo ningeendelea nayo kwa waya mpya na fyuzi mpya, maana pesa ilikuwa ngumu. Kilichonitoa kabisa ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo.

Mama mmoja wa Makorora anayeuza barafu na juisi alileta inveta yake akisema friji inawaka vizuri ila fundi mwingine kamwambia inatoa volti 180, ataunguza mota. Nikapima na mimi: 181. Nilikuwa tayari kusema ndiyo, mbovu. Ila safari hii nilishajifunza kusita. Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini kama umeme wa nguzo. Zinaruka juu ghafla, zinakaa, zinarudi sifuri, zinaruka chini. Mita ya kawaida hupima wastani wa wimbi na kuuzidisha kwa 1.11, hesabu iliyo sahihi kwa wimbi laini peke yake. Chukua wimbi la ngazi linalofika volti 325 na kukaa huko nusu ya muda. Nguvu yake halisi ni sawa na volti 230. Mita ya wastani itaandika 180 hivi. Yaani yule fundi na mimi tulipima sawasawa, kwa chombo ambacho hakikuundwa kwa ajili ya swali lile. Friji yenyewe haipendi wimbi la ngazi, mota yake hupata joto zaidi, na hilo nilimwambia mama bila kumficha. Lakini inveta haikuwa na ugonjwa, na sikumtoza kitu.

Baada ya hapo nikaamua kununua mita nyingine, na nikaamua pia kwamba sitanunua kwa kuangalia rangi.

Nilijitengenezea kwanza kitu cha kuipimia. TL431 ni kijidude cha miguu mitatu kinachopatikana kwenye pawasapulai nyingi mbovu za kompyuta. Ukiunganisha mguu wa rejea na katodi, ukakilisha umeme kupitia rezista, kinakupa volti 2.5 hivi na hakibadiliki ovyo. Nilikilehemu kwenye kipande cha bodi nikakiweka ndani ya kopo dogo la plastiki lenye mfuniko, chumvi isikifikie. Rafiki yangu anayefanya kazi kiwandani ana mita iliyohakikiwa, yenye cheti. Kazi hiyo ya kuhakiki vipimo kitaalamu ni ugezi, na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wana maabara yake. Akanipimia kikopo changu: 2.487. Nikaiandika kwa wino juu ya mfuniko. Nikaongeza rezista za asilimia 1, ohm 100, kilo 10 na megaohm 1, basi kifurushi kikawa kamili.

Nikaenda nacho Kariakoo. Muuzaji wa kwanza alikataa nisipime, nikamshukuru nikaondoka. Wa pili alinipa stuli. Nilitaka mita iliyoandikwa True RMS usoni, yaani inayopima nguvu halisi hata ya wimbi lisilo laini, yenye fyuzi za kauri kwenye matundu yote ya ampea, inayotumia betri ndogo za redio zinazopatikana hata duka la mangi mtaani, na iliyopewa daraja la usalama la CAT III. Maandishi peke yake hayatoshi, kwa hiyo nilimwomba aifungue nione fyuzi kwa macho. Kisha nikachukua rezista mbili za megaohm 1, nikaziunganisha kwa mfuatano kwenye volti 12 na kupima katikati. Jibu kamili ni 6. Mita yangu ya njano, yenye mzigo wa megaohm 1, ilikuwa ikiandika 4 hapo, kwa sababu yenyewe inanyonya. Hii ilisoma 5.7, ndivyo inavyotakiwa kwa mita ya megaohm 10. Kikopo kikasoma 2.489. Nililipa laki moja na ishirini, fedha niliyoiweka akiba kwa miezi minne, na sijajuta.

Kabla ya yote hayo lakini, nilikwenda Sahare. Nilimkuta mzee anashona nyavu. Nikamweleza kila kitu kama nilivyokieleza hapa, nikamrudishia fedha ya kontrola zote mbili, na ile yake ya kwanza niliyokuwa nimeitupia kwenye sanduku la vyuma chakavu nikamfungia tena mwenyewe. Aliisikiliza hadithi yote. "Sasa usiku huu naweza kutoka?" Nikamwambia ndiyo. Akanyanyuka kwenda kuwaita vijana.

Mita ya njano nimeikata waya na kuiondoa mezani, kijana asije akaichukua kwa haraka. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, yeye ndiye anayefungua kikopo, anapima na kuandika kwenye daftari. Jumamosi ya jana imesoma 2.488.