Wi-Fi imeshika, ila ramani haina ndege hata moja

Haya, kwa nyie mnaorusha ndege ndogo na mnaosomea, hasa wenzangu mlioko huku Marekani, leo niongelee risiva ya ADS-B, ule mfumo wa ndege kutangaza kwa redio ziko wapi, maana naona kila mtu anahangaika nayo kivyake. Unaiweka juu ya dashibodi, inanasa mawimbi ya ndege zingine na taarifa za hali ya hewa, halafu inakurushia kwenye tableti kwa Wi-Fi, ukifungua ForeFlight, ile apu ya ramani ya marubani, unaona nani yuko karibu na mvua iko upande gani. Mimi natumia Stratux, ile ya kuunga mwenyewe kwa kale kakompyuta kadogo ka Raspberry Pi, pamoja na iPad. Ikikubali raha sana. Ikigoma sasa, na uko kwenye ndege ya kukodi, injini inaunguruma, hela inahesabiwa na mwalimu anakuangalia tu, utatamani uchomoe waya wote utupe nje.

Tatizo ni kwamba watu wakiona alama ya Wi-Fi imejaa pale juu wanajua kazi imeisha. Hapana jamani. Wi-Fi kushika ni jambo moja, data kufika ndani ya apu ni jambo lingine kabisa, na matatizo mengi yanajificha hapo katikati.

iPad itakwambia mtandao huu hauna intaneti, wala usishtuke, ni kweli hauna, risiva inatoa kamtandao kake kadogo tu kasikounganishwa na kitu kingine chochote. Wa Android ndio muwe makini maana simu na tableti nyingi zikiona hakuna intaneti zinauliza ubaki au uondoke, na zingine haziulizi zinarudi kimyakimya kwenye data ya laini. Ikikuuliza chagua kubaki, na uweke tiki isiulize tena.

Kabla hujaanza kuzima na kuwasha kila kitu (najua ndicho mnachofanya), fungua brauza kwenye hiyohiyo tableti uandike 192.168.10.1. Huo ndio ukurasa wa Stratux, unaonyesha kama GPS imeshika, meseji za 1090 na 978 (ni masafa ya redio kwa megahezi, 1090 ya ndege, 978 ya ndege na hali ya hewa) zinaingia ngapi, na ni vifaa vingapi vimejiunga. Ukifunguka, basi Wi-Fi haina kosa, acha kuisumbua, nenda kaangalie apu. Usipofunguka ndio urudi kwenye mtandao wenyewe. Hako kajaribio kadogo kanakuokolea muda kuliko ushauri wote unaopewa pale klabu, maana pale kila mtu ana dawa yake na dawa ya wote ni ristati.

Ukurasa umefunguka ila apu haioni kitu, kwenye iPad mshukiwa wangu wa kwanza ni ruhusa ya Local Network. Ilikuja na iPadOS 14 mwaka 2020, kila apu inayotaka kuongea na kifaa kilicho kwenye mtandao wa karibu lazima iombe kwanza, na kale kaujumbe kakitokea una haraka zako unabonyeza kukataa, hakarudi tena. Ni kama mgeni kafika getini na mlinzi kaambiwa asimfungulie mtu, mgeni anagonga weee na wewe ndani unalalamika mbona haji. Ingia Settings, Privacy & Security, Local Network, uwashe ForeFlight. Ikiwa imewashwa tayari na bado, zima, washa, kisha ristati tableti, hapo ristati naikubali.

Zima VPN pia, hasa wenye iPad za kazini na wenye apu za kuzuia matangazo. Na kama kuna siku ulijaza IP, yaani namba ya tableti kwenye mtandao, kwa mkono, rudisha Automatic, acha Stratux iigawie tableti namba yenyewe maana data inazituma kwa vifaa ilivyovigawia. Jingine linalochekesha, ukiwa umepaki karibu na ofisi ya klabu tableti inaikumbuka Wi-Fi ya pale na inaihamia, kwahiyo kwenye ile mitandao mingine zima Auto-Join.

Kama mtandao wa risiva unapotea na kurudi, mimi siangalii tableti kabisa, naangalia umeme. Raspberry Pi 3B inataka chaja ya volti 5 ampia 2.5, sasa wewe umeichomeka kwenye adapta ya bei chee ya tundu la sigara, umeme ukishuka kidogo inajizima na kujiwasha, Wi-Fi inaondoka nayo. Pawabenki nzuri na waya mfupi, basi. Na joto nalo, Apple wanasema iPad itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35, kwahiyo ukiibandika juani chini ya kioo mchana wa kiangazi usishangae ikizima.

Halafu kuna kisichokuwa tatizo kabisa. Ukiwa bado chini huenda usipate hali ya hewa hata chembe, kwasababu ile inatoka kwenye minara ya ardhini kwa 978 na antena yako inatakiwa iione minara, majengo na vilima vinakata. Panda kwanza uone kama itaingia.

Na mnaoniuliza kama mkinunua mkaipeleka Nairobi au Arusha itafanya kazi, itafanya nusu. GPS utapata, ndege zinazotangaza kwa 1090 utaziona, ila hali ya hewa ya 978 sahau, ule mfumo ni wa Marekani. Kwahiyo msihangaike na setingi kutafuta mvua, na kama bado hamjaunga hata ile antena ya 978 acheni, hela yake ongezeni kwenye pawabenki.